Mpe Nafasi Mwenye Baiskeli

Najua wengine mnanisikiliza ndani ya daladala, mmebanana, mkono mmoja umeshika bomba na mwingine umeshika mkoba. Wengine mko kwenye foleni ya Barabara ya Mandela, injini inanguruma na gari halisogei. Wengine mmeweka redio ndogo pembeni ya karai la chapati mnangoja wateja. Popote ulipo, nianze na swali dogo. Asubuhi hii umekunywa chai? Kama umekunywa, huo mkaa ulioichemsha ulikufikia vipi? Na mkate je, nani aliuleta dukani kabla hujaamka?

Nauliza kwa sababu kwa nyumba nyingi za Buguruni, Vingunguti na Ilala, hapa Dar es Salaam, chai ya asubuhi hupanda baiskeli kabla haijafika mezani. Mkaa umetoka huko Kisarawe na pembezoni mwa jiji, magunia yamefungwa kwa mipira juu ya keria. Mkate umezungushwa madukani alfajiri na kijana mwenye sanduku nyuma ya tandiko. Kuku wa Jumapili alikuja ndani ya tenga. Mabomba yakikauka, maji yanakuja kwa madumu ya lita 20 yaliyoning'inizwa huku na huku. Na mnoa visu anapita uchochoroni, anaiweka baiskeli yake kwenye stendi, anakanyaga pedali, na gurudumu lile lile lililomleta linazungusha jiwe la kunolea.

Huyo ndiye mtu wetu wa leo: mwenye baiskeli. Pamoja naye yuko dereva, wa gari dogo, wa daladala, wa Fuso, wa semitrela. Nataka tuzungumze namna wanavyopishana, au wanavyoshindwa kupishana, katika barabara zetu.

Nina jambo moja tu la kusema, na nitalirudia ili aliyechelewa kufungua redio naye alipate. Jambo lenyewe ni hili: heshima ya barabarani inapimwa kwa nafasi. Ukitaka kujua kama dereva anamheshimu mwenye baiskeli, usimuulize moyoni mwake mna nini. Angalia amemwachia nafasi kiasi gani alipokuwa anampita.

Sasa twende Buguruni Sheli. Wakazi wa hapa hawahitaji kuelezwa, lakini tuna wasikilizaji wa Mbeya na Lindi, acha niwachoree. Barabara ya Mandela inapokea malori yanayotoka bandarini. Yanapita Uhasibu, yanapita Tazara, yanafika Buguruni, yanaendelea Tabata hadi Ubungo, na kutoka hapo ni safari ya bara, mengine mpaka Zambia, Kongo na Rwanda. Barabara ya Uhuru nayo inatoka Mnazi Mmoja, inapita ubavuni mwa Kariakoo, inakuja Ilala Boma, Amana, Malapa. Barabara hizi mbili zinakatana pale Sheli. Hapo hapo kuna vituo vya daladala, bajaji, bodaboda, wauza matunda, wanafunzi, wagonjwa wanaokwenda Hospitali ya Amana, na soko la Buguruni liko jirani linavuta watu tangu alfajiri. Na katikati ya yote hayo yuko mtu mmoja na baiskeli yake, magunia mawili ya mkaa nyuma, anatafuta pa kupita.

Dereva aliye nyuma yake anapiga honi. Anatoa kichwa dirishani: "We! Kaa pembeni!"

Hebu msikilizaji, tukiangalie hicho kipande cha pembeni tunachomfukuzia. Sisi wa ndani ya gari tunakiona kwa mbali, kinaonekana kitupu. Kisogelee. Kwanza ukingo wa lami umemong'onyoka, una meno. Chini yake pana mchanga. Mbele kidogo pana mtaro ambao mfuniko wake haupo. Bajaji imesimama inashusha abiria. Meza ya machungwa imesogezwa mbele kidogo ili wateja waione. Daladala inaingia kituoni bila indiketa, konda ameruka kabla haijasimama. Gari lililoegeshwa linaweza kufunguliwa mlango wakati wowote. Sasa niambie, huyu mtu akae pembeni ipi?

Tena kuna jambo ambalo asiyewahi kuendesha baiskeli yenye mzigo halijui. Gurudumu likitumbukia nje ya ukingo wa lami, ukijaribu kulirudisha juu linateleza sambamba na ukingo, na baiskeli inalala. Inalala upande gani? Mara nyingi upande wa barabara, mbele ya gari linalokuja. Kwa hiyo mwendesha baiskeli mzoefu anaacha nafasi kati yake na ukingo kwa makusudi. Hakukomoi. Haringi. Amejifunza, pengine kwa goti lililochubuka, kwamba kuyumba kidogo akiwa ndani ya lami kunampa muda wa kujisawazisha, na kuyumba akiwa ukingoni hakumpi muda wowote.

Basi dereva, ukimwona ameacha nafasi upande wake wa kushoto, mhesabie hiyo nafasi kuwa ni yake. Halafu uongeze nyingine upande wa kulia unapompita. Nafasi kiasi gani? Ujerumani, tangu mwaka 2020, sheria yao inataja mita 1.5 mjini na mita 2 nje ya mji. Ufaransa ni mita 1 mjini na mita 1.5 nje ya mji. Hao ni watu ambao baiskeli zao nyingi hazibebi magunia ya mkaa. Wetu ana magunia mawili ambayo yenyewe yametokeza nje ya usukani. Kwa hiyo kwangu mimi kipimo ni hiki: fikiria mlango wa gari lako umefunguka wote. Kama mlango huo ungemgusa, umempita karibu mno. Huna nafasi ya kutosha? Subiri. Nyuma yake utapoteza sekunde chache, na mbele ya taa za Sheli mtakutana tena, wewe na yeye, mmesimama pamoja.

Na upepo je? Lori kubwa likipita kwa kasi linasukuma hewa mbele yake na kuivuta nyuma yake. Mtu aliye juu ya baiskeli anasukumwa kwanza, kisha anavutwa kuelekea magurudumu. Dereva wa lori aliye juu kule hahisi chochote. Anaamini amepita salama kwa sababu hakusikia kitu kugonga. Kutogusana hakutoshi. Mpe nafasi.

Sasa nizungumzie honi, maana najua wapo wanaosema, "Mimi nilimpigia honi, asiposikia shauri yake."

Ndugu zangu wa Buguruni, sisi hasa hatuna haki ya kusema maneno hayo. Hapa kwetu ipo Shule ya Msingi Buguruni Viziwi. Watu wengi wa jiji wanaijua. Watoto wasiosikia wanasoma hapa, wazazi wao wanawaleta hapa, na watu wazima wasiosikia wana mazoea na mitaa hii. Mtu asiyesikia anaendesha baiskeli vizuri kabisa. Macho yake yako makini kuliko yangu na yako. Lakini honi yako kwake ni kimya. Unapomtegemea aondoke kwa sababu umepiga honi, umeweka maisha yake kwenye kitu ambacho hanacho. Na kwa mgongo huwezi kumtambua. Mgongo wa mtu anayesikia na mgongo wa mtu asiyesikia ni mmoja. Kwa hiyo hapa kwetu, dereva mwenye adabu anamchukulia kila mwenye baiskeli aliye mbele yake kwamba hamsikii. Anapunguza mwendo kwanza. Akipiga honi, ni mguso mfupi kutoka mbali.

Na anayesikia? Honi ndefu ya lori mgongoni, ile ya upepo, inamshtua. Binadamu akishtuliwa kutoka nyuma anafanya nini? Anageuza shingo. Mwenye baiskeli akigeuza shingo kulia, mikono nayo inafuata, usukani unakwenda kulia, na kulia ndiko liliko lori. Yaani honi iliyokusudiwa kumwondoa njiani ndiyo iliyomwingiza njiani. Hilo si la kubishania, kila aliyewahi kupanda baiskeli anajua shingo na mikono vinavyovutana.

Tuko pamoja? Ninasema heshima ya barabarani ni nafasi, na honi haiwezi kukaa mahali pa nafasi.

Sasa kuna jambo linalonisumbua zaidi ya haya yote. Sisi ni watu wa salamu. Ingia mtaa wa Kwa Mnyamani asubuhi, huwezi kupita nyumba tatu bila kusalimia. Mzee mwenye baiskeli ya mkaa akipita uchochoroni, kijana anasema, "Shikamoo mzee, pole na mzigo." Mzee anajibu, "Marahaba mwanangu." Kijana yule yule saa moja baadaye yuko nyuma ya usukani wa gari, amefunga kioo, kiyoyozi kinapuliza, na mzee yule yule yuko mbele yake kwenye Uhuru. Sasa hamwoni mzee. Anaona kizuizi. Anamwita majina ambayo kama baba yake angeyasikia angeona aibu. Ni nini kimebadilika hapo katikati? Mzee ni yule yule, mzigo ni ule ule. Kilichobadilika ni kioo na kasi. Kioo kimeondoa uso, na kasi imeondoa muda wa kusalimiana.

Ndiyo maana nataka twende Kariakoo kidogo, maana Kariakoo ina jambo la kutufundisha, ingawa watu huitaja kama mfano wa vurugu. Simama mtaa wa Kongo au Narung'ombe saa nne asubuhi. Kuna mkokoteni umebeba majora ya vitambaa, kuna guta lina masanduku mpaka juu, kuna kirikuu kinarudi nyuma, mama amebeba mtoto, mchukuzi ana furushi kichwani, na katikati anapita mtu na baiskeli. Kelele ni nyingi: "Pisha! Mzigo huo! Naomba njia, dada!" Lakini wanapita. Wanasuguana, wanatukanana kidogo, wanapita. Kwa nini? Kwa sababu wote wanakwenda mwendo wa mguu. Dereva wa kirikuu anamwona msukuma mkokoteni machoni. Anainua mkono, mwenzake anatikisa kichwa, wameelewana. Watu hawa hawana tabia njema kuliko watu wa Mandela. Ni wale wale. Mwendo wao umewaachia muda wa kuonana.

Hebu nikupe hesabu ndogo moja tu, kisha niiache. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, ambayo ndiyo kasi ya juu inayoruhusiwa na sheria yetu kwenye makazi, linakula karibu mita 14 kila sekunde. Likienda kilomita 30, linakula mita 8 na kidogo. Sekunde moja ndiyo unayoitumia kushtuka na kupeleka mguu kwenye breki. Kwa hiyo kabla hata breki haijaanza kazi, wa 50 ameshasogea urefu wa basi kubwa na zaidi. Mwenye baiskeli aliyekwepa shimo ghafla anaishi au anakufa ndani ya hizo mita. Basi dereva, ukitoka Tazara ukiiona Buguruni inakuja, ondoa mguu kwenye mafuta kabla hujamwona mtu yeyote. Kupunguza mwendo nako ni kutoa nafasi. Ni nafasi ya mbele.

Kuna anayeniuliza, kwa nini dereva ndiye ampishe mwenye baiskeli? Kwa nini asiwe mwenye baiskeli anayempisha mwenye gari, maana gari lina nguvu na lina haraka? Nakujibu kwa mfano wa nyumba zetu za kupanga. Koridoni unakutana na mpangaji mwenzako amebeba ndoo ya maji kichwani, wewe huna kitu mkononi. Nani anajibana ukutani? Ni wewe, wala hutamuuliza nani analipa kodi kubwa. Unampisha kwa sababu kusimama kwako hakugharimu kitu, na kusimama kwake kunagharimu shingo. Barabarani ni hivyo hivyo. Dereva akisimama, ataondoka tena kwa kukanyaga mguu mmoja kidogo. Mwenye magunia mawili akisimama, kuondoka tena ni kazi. Inabidi ashuke, asukume, akimbie nayo, arukie tandiko huku mzigo unamvuta kushoto. Na akigongwa, si bati litakalopinda.

Wenzetu wa Goma, kule mashariki ya Kongo, wamemwona mtu wa mizigo kwa macho ya heshima. Wana chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili, hakina pedali wala cheni. Vijana wanashuka nacho kutoka vilimani kikiwa na viazi, kabichi na mkaa wa mji mzima. Mji ule umemjengea mwendesha chukudu sanamu ya rangi ya dhahabu kwenye mzunguko wa barabara. Kila gari linalopita pale linaizunguka sanamu ya mtu wa mizigo. Sisi huyu wetu anayetuletea mkaa tumemwekea nini?

Zamani tulimthamini zaidi. Wazee wanaonisikiliza wanakumbuka baiskeli ilivyokuwa mali ya kutajwa kwenye urithi. Wanakumbuka Swala, baiskeli iliyotoka kiwanda cha hapa hapa Dar es Salaam, NABICO. Mwenye Swala alikuwa mtu. Siku hizi mwenye baiskeli mjini anatazamwa kama aliyekosa pikipiki. Dharau hiyo ndiyo inayokaa kwenye usukani wa gari na kumbana ukingoni.

Haya, sasa wewe mwenye baiskeli. Usidhani nimekusahau. Deni kubwa liko kwa mwenye injini, hilo nimelisema na silirudishi nyuma, lakini na wewe una lako.

La kwanza ni kuonekana. Jioni saa moja Buguruni giza limeshaingia, taa za magari yanayokuja zinampiga dereva machoni, na wewe umevaa shati jeusi, mkaa mweusi, baiskeli haina taa. Dereva mwema kiasi gani atakuona? Anayetaka kukupa nafasi lazima kwanza ajue upo. Weka rifrekta nyekundu nyuma, na uiweke juu ya mzigo au pembeni yake, kwa sababu ile iliyo kwenye madigadi imefunikwa na gunia. Weka taa mbele, hata tochi ndogo iliyofungwa kwenye usukani. Kitambaa cheupe juu ya gunia kinasaidia. Hayo fundi baiskeli wa mtaani kwako anakufungia wakati anakujazia upepo.

La pili, usiendeshe kinyume. Nawajua mnaosema, "Nikiyaangalia magari yanayokuja ninajisikia salama." Unajidanganya, kaka. Dereva anayetoka kwenye barabara ya mtaa kuingia Uhuru anaangalia kulia, kunakotoka magari. Wewe umetokea kushoto. Hajakuona, na kasi yako imejumlishwa na kasi ya anayekuja mbele yako.

La tatu ni zito, na naomba utingo na madereva wa malori mnisaidie kulifikisha. Kijana, usijipenyeze ubavu wa kushoto wa lori lililosimama kwenye taa. Dereva yuko juu, upande wa kulia. Kushoto kwake, kuanzia chini ya mlango wa utingo kurudi nyuma, pana eneo ambalo kioo hakilioni. Wewe upo hapo, umeshika ukingo, unangoja taa. Taa inawaka kijani. Lori linataka kukata kushoto kutoka Uhuru kuingia Mandela kuelekea Tazara. Kichwa kinakwenda mbele kwanza, unadhani linanyoosha. Kisha linakata, na tela halifuati njia ya kichwa, linakatiza kona. Magurudumu ya nyuma yanakuja pale pale uliposimama. Dereva hana habari. Usikae hapo. Kaa nyuma ya lori, au mbele kabisa ambako utingo na dereva wanakuona uso. Na wewe utingo, kabla lori halijakata kushoto, toa kichwa, tazama chini. Kazi yako hiyo inaokoa mtu ambaye hamtajuana majina.

Na wale vijana wanaodandia nyuma ya lori kwa mkono mmoja ili wavutwe, sitaki hata kuwaeleza sana. Shimo moja linatosha.

Bodaboda, ninyi mko katikati. Barabarani mnalalamika kwamba madereva wa magari wanawabana, na mna haki. Halafu mkiingia kwenye njia ya baiskeli mnawafanyia wenye baiskeli yale yale mliyofanyiwa. Pale Barabara ya Morogoro, mradi wa mabasi ya mwendokasi ulioanza kubeba abiria Mei 2016 ulijengwa pamoja na njia za baiskeli na za waenda kwa miguu. Ni jambo la kushukuru sana. Lakini pita pale saa kumi na moja jioni: bodaboda anakatiza, meza ya mitumba imekaa, gari limeegeshwa "dakika mbili tu". Mwenye baiskeli anarudi kwenye lami kubwa, na dereva anamwuliza kwa hasira kwa nini hatumii njia yake.

Barabara ya Uhuru nayo imo kwenye awamu ya tatu ya mwendokasi. Na njia za baiskeli hazikuanza kudaiwa leo: kwa miaka mingi UWABA, umoja wa waendesha baiskeli wa hapa Dar es Salaam, umekuwa ukidai njia salama na kufanya misafara ya baiskeli ili jiji liwaone. Ninawaunga mkono. Adabu ya dereva haiwezi kuziba mtaro ulio wazi, na serikali isituambie kwamba tukipendana vya kutosha hatuhitaji njia za baiskeli. Tunazihitaji, tena zenye ukingo wa kuzuia gari lisipande. Lakini njia hizo hazijafika mbele ya mlango wa kila mtu, na mwenye mkaa anapita leo. Na hata zikifika, kwenye makutano kama pale Sheli atalazimika kukatiza mbele ya magari, na hapo atahitaji mtu wa kumwachia.

Nitaje pia wakati mmoja wa hatari ambao wengi hatuusemi. Ni mwezi wa Ramadhani, saa kumi na mbili jioni. Kila mtu anawahi kufuturu. Dereva amefunga, mwenye baiskeli amefunga, wote wamechoka, macho mazito, na muuza maji au barafu anazunguka na mzigo wake kwa sababu hiyo ndiyo saa yake ya biashara. Watu wawili waliojizuia mchana kutwa wanatukanana dakika kumi kabla ya adhana. Tende moja mfukoni mwa dereva ingemwezesha kufungua hapo hapo kwenye foleni, bila kumsukuma mtu mtaroni ili awahi uji.

Sasa nafika kwa kundi ambalo halijazoea kutajwa tunapozungumza habari za barabara, nalo ndilo ninalotaka kumalizia nalo. Ni ninyi mnaomtuma mwenye baiskeli. Mwenye tanuri la mikate. Mwenye bucha. Mwenye duka la jumla Kariakoo. Mama ntilie unayeagiza mkaa. Hata mimi na wewe tunaoagiza maji. Mwendesha baiskeli anayepita taa nyekundu pale Sheli, mara nyingi haraka ile si yake. Amepewa. Yupo mtu anayempigia simu kila baada ya dakika tano: "Umefika wapi? Mbona hufiki?" Na yeye, kwa adabu, anaipokea. Mkono mmoja kwenye simu, mkono mmoja kwenye usukani, breki moja imebaki bila mtu, kilo nyingi mgongoni.

Kwa hiyo nawaomba mambo mawili. Bosi, baiskeli unayompa kijana wako iwe na breki mbili zinazoshika, iwe na taa na rifrekta kabla haijatoka dukani kwako, na gharama isikatwe kwenye ujira wake. Na unapomtuma, mpe muda. Kama mkate lazima ufike Malapa saa kumi na mbili, asitoke saa kumi na mbili kasoro tano. Mteja, ukiona amechelewa, ngoja. Simu yako ikiita na asipopokea, shukuru, maana yuko njiani na mikono yote miwili iko kwenye usukani.

Msikilizaji, muda wangu umekwisha. Wiki ijayo saa kama hii tutakaa na mafundi baiskeli, watueleze breki za fimbo na breki za waya, ipi inafaa kwa mzigo wa mkaa na inakaguliwaje. Wenye maswali mtuletee mapema. Mlio kwenye usukani hivi sasa na mnakaribia Buguruni, punguzeni mwendo kuanzia hapo mlipo.